Habari Yangu kwenye Ukuta wa Hozefa

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Nimechoka. Wiki ndiyo kwanza inaanza, mimi nimeshaimaliza.

Habari yangu ya fisi imekufa. Niliibandika Ijumaa, ukurasa mzima, mwandiko wa kuinama kama wa karani wa mahakama. Leo nimekuta umebaki mstari mmoja tu: "Fisi alionekana Maganzo." Na pembeni mtu ameuliza: Na nani?

Ndiyo taabu ya gazeti letu la ukutani. Halina bosi, halina mshahara. Ni ubao wa plaiwudi kwenye ukuta wa duka la Hozefa, muuza misumari na sukari. Mwenye habari anabandika upande wa kushoto. Penseli inaning'inia kwa uzi, na kila mpita njia anakata na kuongeza atakavyo. Wachimba almasi, wauza nyanya, hata walevi! Habari ikisalimika, na mashahidi wawili wakisema waliona kwa macho yao, Eufrasia fundi cherehani anainakili kwa wino na kuiweka kulia, jina la mwandishi chini yake. Kulia ndiko kwenye heshima. Mimi tangu masika niko kushoto.

Mwalimu mstaafu Stanslaus yuko kulia kila wiki. Kisima kimesafishwa. Mkutano umeahirishwa. Mtu anasoma huku anasinzia, amesimama kwa miguu yake miwili.

Jioni mke wangu Asteria kaniambia ndugu zake wa Samuye wanakuja Jumapili. Baada ya misa wanataka kupita ubaoni, wasikie habari ya shemeji yao ikisomwa. Nikauliza ni mshenzi gani kawaambia mimi ni mwandishi. Akasema ni Baba Mageni mwenyewe, yaani mimi, kwenye arusi ya juzi, mbele za watu, nyama ikiwa bado mdomoni. Anayekuja kwa hamu kuliko wote ni kaka yake, Gregory, ambaye tangu tuoane anasema dada yake aliolewa na mdomo mtupu.

Akaendelea kusema kitu kuhusu Gregory na maziwa. Sikusikia. Nilikuwa natafuta kichwa cha habari.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimezunguka kutwa kutafuta habari. Magoti yanalia kama mlango wa zizi. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeoa, hakuna aliyepigwa. Hii Maganzo imeingia ubaridi!

Nimeingia dukani kwa Hozefa, nikamuuliza kama hakuvunjiwa usiku. Akasema hapana, Mungu apishe mbali. Nikamuuliza kama hatarajii kuvunjiwa, tuseme kabla ya Jumapili. Akauliza, "Mzee wangu, umekuja kununua au kutabiri?" Kisha akanipa peremende na kunionyesha mlango. Watu wa biashara wana adabu hata wakikufukuza.

Stanslaus alikuwa ubaoni, anajisoma. Nilimwacha anisalimie kwanza, kwa kuwa nimemzidi umri. "Shikamoo Mzee Mwigulu, fisi hajambo?" Nikasema marahaba, anakusalimu, anasema mna masikio yanayofanana.

Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba nilitakiwa kuudhika.

Alhamisi, 10 Oktoba

Maafa. Na niliyapanga vizuri mno!

Niliandika kwamba chatu amemeza mbuzi wa mtu kule machimboni. Mwenye mbuzi sikumtaja, kwa heshima ya msiba. Shahidi wa kwanza, mimi. Shahidi wa pili, Donatus, anayechekecha mchanga wa almasi na hajapata hata moja, kwa hiyo ana subira. Nilimpa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kikapu kizima. Akaila yote hapo hapo, bila maji, akaniambia yuko tayari kumwona chatu yeyote.

Sikujua kwamba Eufrasia huwahoji mashahidi mmoja mmoja. Anakuhoji huku anashona, hata hakutazami. Alimuuliza Donatus alikuwa amesimama wapi alipoona. Donatus akasema ndani. Ndani ya nini? Donatus akafikiri. Akasema ndani ya chatu.

Cherehani ikasimama.

Eufrasia kaniambia kwa upole, Babu, hili gazeti ni la kujitolea, hatulipwi, tukiongopa hatuna hata kisingizio cha njaa. Maneno mazito kwa mtu mwenye sindano mdomoni. Stanslaus alicheka mpaka akajishika ukutani. Nilitamani ukuta umwangukie, nikakumbuka ndio wenye ubao.

Asteria anauliza habari yangu itasema nini hiyo Jumapili. Nikasema bado inaiva. Akasema fisi, chatu, sijui kitakachofuata ni nini, lakini yeye ameshawaambia dada zake wavae kanga mpya. Kisha akaongeza taratibu kwamba safari hii nisimwaibishe. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepata! Habari haiji yenyewe. Habari inaitwa, kama mbuzi.

Sisi Wasukuma tuna mwano. Mtu akiibiwa anapiga yowe, na kila anayesikia sharti atoke na rungu, ashike njia, naye aupige ili kijiji cha pili wausikie. Atakayebaki ndani, sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, watamtoza faini. Sasa basi! Nikipiga mwano kesho, Maganzo nzima itatoka. Mashahidi watakuwa wengi kuliko mchanga wa Donatus. Na nani atakuwa wa kwanza ubaoni? Mwenye habari iliyokwisha andikwa.

Nimeshaiandika. "Mwano Wapigwa Maganzo: Wezi Watokomea." Hakuna uongo ndani yake. Mwano utakuwa umepigwa. Wezi watakuwa hawapo. Hata Eufrasia atapata wapi pa kushika?

Nimelala mchana kuweka akiba ya pumzi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Asubuhi Asteria alipokwenda kisimani nikapanda kichuguu nyuma ya zizi. Nikapiga mwano. Sauti bado ninayo! Mwano sharti uwe na mwenyewe, kwa hiyo nikapaza: "Ng'ombe wa Mwigulu wameibwa!" Ng'ombe wangu wawili wakanitazama kutoka zizini. Nikawageuzia mgongo.

Ee bwana! Watu walimwagika. Marungu, mikuki, pinde. Stanslaus kapita mbio na kiatu kimoja. Hozefa alifunga duka, akatoka ameshika koleo jipya lenye karatasi ya bei. Vijiji vya jirani vikaitikia, sauti zikaenda mpaka zikapotea. Mimi nikatembea polepole hadi ubaoni, nikabandika, nikakaa barazani kivulini. Nilijisikia mhariri.

Mchana wakarudi. Wamemkamata mwizi.

Nikasema haiwezekani. Kamanda wa sungusungu akasema inawezekana sana, amekutwa peke yake njiani anaswaga ng'ombe na ndama, na amekiri. Wakamsukuma mbele. Mikono imefungwa kwa katani, sikio limevimba kama chapati.

Gregory!

Kumbe ndiyo ile habari ya maziwa. Alikuwa anamletea dada yake ng'ombe wa kukamuliwa, anatembea naye tangu juzi. Wakamuuliza ng'ombe ni wa nani. Yeye, kwa moyo safi, akajibu ni wa Mwigulu wa Maganzo. Na mwano ulisema ng'ombe wa Mwigulu. Sasa walitaka kukiri gani kwingine?

Kamanda akaniambia, Mzee, chukua mali yako. Nikachanganyikiwa. Nikasema huyu si wangu, wangu wako zizini.

Kamanda akashusha rungu. Ndama tu ndiye aliyelia.

Wote wako zizini? Wote. Basi kilichoibwa ni nini? Nikamtazama Asteria. Alikuwa ameshika sikio la kaka yake kwa kitambaa chenye maji, ananitazama kama vile ananisoma na penseli anayo.

Faini ni mbuzi. Amechinjwa na kuliwa jioni hiyo hiyo. Gregory kapewa ini. Mimi nimepewa kazi ya kuchochea moto.

Jumapili, 13 Oktoba

Upande wa kulia, juu kabisa, kwa wino: "Mwano wa Uongo Wamponza Shemeji." Mwandishi, Stanslaus. Mashahidi, kijiji kizima. Penseli haikugusa hata nukta.

Mashemeji wamefika na kanga mpya. Sikuwa na pa kujificha. Eufrasia akawasomea wasiojua kusoma, kwa sauti ya kanisani. Jina langu limesomwa mara nyingi kuliko la padri. Kila likitajwa, dada wakubwa wa Asteria wanasema "Mayo!" na kugeuka kunitazama.

Nilimwuliza Eufrasia kwa nini hakuniachia mimi niandike, mimi niliyeanza kulijua jambo. Akasema kanuni yao, mtu haandiki habari anayohusika nayo. Na kwamba waliojitolea wamekutana, wameamua nisibandike kitu mpaka mtama uvunwe. Mtama! Mvua yenyewe haijanyesha.

Asteria alitangulia mbele njia nzima. Nyumbani akaniwekea ugali na maziwa ya ng'ombe mpya. Yalikuwa matamu. Hilo nalo lilikuwa tusi.

Jumanne, 15 Oktoba

Gregory amekuja kukaa karibu yangu zizini. Nilidhani atanipiga, nikasogeza fimbo. Hapana. Mtu ana huzuni. Anasema watu wamesikia nusu tu, wanamnyooshea kidole sokoni, huyo mwizi wa ng'ombe. Na njia ya kurudi Samuye inapita vijiji vile vile vilivyomwona amefungwa. Ana binti wa kuozesha. Nani atapeleka posa kwa mwizi?

Eufrasia amemwambia kwamba aliyeandikwa ana haki ya kujibu, kwa jina lake mwenyewe. Lakini yeye hajui kuandika wala kusoma. Na Stanslaus amekwenda Shinyanga kutibiwa mguu aliokwenda nao pekupeku. Gregory kaniambia, sauti chini, shemeji, yaliyopita yamepita, wewe ndiye mwenye kalamu.

Nilikaribia kulia. Tangu nimemwoa dada yake sijasikia neno kama hilo kwake. Asteria alikuwa mlangoni anasikiliza. Akaniambia, Baba Mageni, andika ukweli, uwe mfupi, uishe.

Nimeandika. Gregory ni mtu mwema. Ng'ombe alikuwa wake. Hajawahi kuiba chochote maishani mwake.

Nimeisoma tena. Kweli tupu, lakini ina usingizi ndani yake! Ni kisima kimesafishwa. Mtu atasoma mstari mmoja aende zake kwenye nyanya, na maskini Gregory abaki mwizi vile vile. Nikimwangalia pale anavyomkamua ng'ombe, ananiamini, naona siwezi kumtupa namna hiyo.

Kwa hiyo nimemwongezea kuku wa kuiba. Mmoja tu, wa zamani, wa jirani. Ili wasome mpaka mwisho.