Kamati ya Kutafuta Mbele

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mnyama atakayesajiliwa bila kuwa na mbele na nyuma, hata kama alikufa kabla serikali haijazaliwa.

Tangazo nililiandika mimi, katibu wa kamati, na muhuri nikaugonga mimi.

Wa kwanza kufika alikuwa kiinitete: mtoto wa mnyama wa kale aliyegeuka jiwe akiwa bado ndani ya yai, mdogo kama punje ya ulezi. Aliletwa ndani ya kichupa na fundi wa hadubini wa makumbusho, mama aliyemsafisha kwa sindano miaka sita mpaka shingo yake mwenyewe ikapinda. Jiwe lisiloandikishwa kufikia Ijumaa humwagwa na kokoto kwenye maegesho ya magari.

Tulikuwa watano, tumeizunguka meza ya duara, birika katikati.

"Kulia kwake wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Hana, mheshimiwa. Ana pande tano zinazofanana, mdomo katikati. Kulia na kushoto ni mambo ya wanyama wengine."

"Akiitwa dirishani anageukaje?"

"Hageuki. Yupo palepale tangu enzi hizo."

"Ahaa! Mdomo tu, kazi hamna," akadakia Makamu, akijimiminia chai. "Mzigo huo!"

Kwa kauli moja tukapitisha kanuni: chochote chenye pande tano, mdomo katikati, kisicho na mbele wala nyuma na kisichosogea, kiondolewe jengoni Ijumaa.

Fundi hakulia. Aliomba fomu nyingine, akapanda juu ya kiti, akatupiga picha kutoka juu. Tukatabasamu. Tulijua ni ya gazeti.

Ijumaa wakaja wabeba mizigo wawili na mkokoteni. Sampuli nzito hutangulia, ndiyo taratibu.

"Pande tano," mmoja akasoma kwenye fomu ya fundi, iliyobandikwa ile picha yetu. "Midomo yote imeelekea birika. Haijasogea tangu Jumatatu."

"We kijana, unanijua mimi nani?" Mwenyekiti akafoka.

"Fomu haijauliza hilo, mzee wangu. We tuoneshe mbele tu, tukuache."

Kila mmoja wetu akanyoosha kidole upande wake. Vidole vitano, pande tano. Jamaa akaweka alama ya vema.

Kamati ikiondolewa, kanuni zake huondoka nayo. Hilo tulilipitisha wenyewe mwaka juzi. Hivyo ilipofika zamu ya kiinitete hapakuwa na cha kumzuia. Fundi amemwandikisha. Nasikia kichupa kimewekwa mezani petu, pale palipokuwa na birika.

Taarifa hii naiandikia kwenye maegesho, nimekalia kokoto. Kuna dereva anapiga honi, anataka tusogee.

Tumeitisha kikao kuamua twende upande gani.