Kisiwa Kisicho na Mtu, Nami Ninayekaa Humo

Kwa Bwana Prefe, mkuu wa shule ya sekondari, Kabambare.

Bwana Prefe,

Pokea salamu za heshima kutoka kisiwa chetu cha mto Luama, ambako wanafunzi wako walipiga kambi juzijuzi ili wajifunze kuishi porini. Mimi ni Euphrasie, mjane, mkulima wa mihogo. Pori hilo ni kwangu. Nina malalamiko, na nimeyatia namba ili ofisi yako isiyachanganye.

1. Waliposhuka tu kwenye mtumbwi, Mwalimu Clovis aliwakusanya akasema: «Watoto, huku hakuna mutu. Ni sisi na Mungu tu.» Wakati huo nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikapu cha mihogo kichwani. Nilikohoa. Akawaambia watoto wasikilize sauti za wanyama.

2. Mchana aliwagawia vijiti wasugue mpaka watoe moto, kisha akalala. Walisugua mpaka viganja vikaota malengelenge. Ndipo msichana mmoja, Grâce, akanyemelea jikoni kwangu: «Mama, tusaidie moto kidogo. Mwalimu iko analala.» Nikampa kaa la moto kwenye kigae. Mwalimu alipoamka aliusifu ule moto, akawapa alama nzuri. Mimi sikupewa hata nusu alama.

3. Kesho yake ikawa chumvi, halafu sufuria, na mwishowe darasa zima likahamia jikoni kwangu. Walikula wali na sombe, majani ya mihogo yangu, huku wakinisimulia nani anampenda nani. Wakishiba, walijifuta midomo wakarudi kambini kulalamika njaa, kama mwalimu alivyowafundisha. Aliyekula majani ya porini ni mwalimu peke yake.

4. Jumapili, kanisani, Mwalimu Clovis alishuhudia kwamba watoto wameishi bila msaada wa mtu. Waumini wakapiga makofi, nami nikapiga. Hapo niliumia kweli, Bwana Prefe. Wanangu wote wamefuata dhahabu Lusangi, na mtu aliyebaki peke yake hapendi kutangaziwa kwamba hayupo.

Kwa hiyo naomba haki sawa. Mwezi ujao nitakuja na dada yangu Rehema na mbuzi wetu, tupige kambi sebuleni kwako, tujifunze maisha ya mjini. Tutaimba kabla jua halijatoka, kama wanafunzi wako. Choo tutachimba pale ardhi itakapokuwa laini. Mama watoto akipita na chai, tutanyamaza tusikilize sauti za wanyama. Tukiondoka nitashuhudia kanisani kwamba nyumba ya Prefe haina mtu, na inafaa sana kwa kambi.

Nangoja jibu lako kwa unyenyekevu. Nisalimie mama watoto, walimu wote, mlinzi wa shule, na Mwalimu Clovis pia, kama siku hizi ananiona.

Ni mimi, mtu,
Euphrasie wa kisiwani

N.B. Grâce ameniletea habari kwamba darasa lingine litakuja kiangazi. Basi mambo ya sebule na mbuzi yasahau, na barua hii Mwalimu Clovis asiione. Mwache aendelee kusema kisiwa hakina mtu. Akijua nipo, atakuja kuomba moto mwenyewe, na watoto hawatakuwa na sababu ya kunyemelea kwangu. Wewe hakikisha tu vijiti ni vibichi. Sufuria kubwa nimeshaazima.