Sampuli Iliyong'aa Kupita Kiasi

Jumatatu, 4 Desemba

Sijawahi kumwambia mtu: naogopa moto. Hata kiberiti hunitoa jasho. Basi likizo hii mjomba, kwa upendo wake wote, kanitafutia mafunzo kwenye kiwanda cha feromanganizi, mchanganyiko wa chuma na manganizi, penye tanuri linaloyeyusha mawe. Asante sana, mjomba!

Yeye ndiye msimamizi wa zamu. Kanivisha helmeti inayoniziba macho, akaeleza kuwa feromanganizi ya kawaida ina kaboni nyingi. Yetu ni iliyosafishwa, yaani kaboni imepunguzwa, ndiyo maana wateja huigombea. Nilikuwa nimeshasoma sura nzima kitabuni. Nikaitikia kama sijui. Adabu.

Wanafunzi tuko wawili. Mwingine ni mwenzangu wa darasani, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Ijumaa mmoja wetu atahamishiwa maabara, kwenye kiti na feni. Mwingine atabaki kupakia chokaa kando ya tanuri mpaka likizo iishe. Maabara ni yangu. Lazima!

Jumatano, 6 Desemba

Redio kamchekesha mkuu wa maabara. Mama yule hacheki ovyo! Mimi nilipomwamkia sauti ilikwama, akaniuliza kama nimepaliwa.

Sitashindana kwa mdomo. Nitashindana kwa usafi. Kesho ni zamu yangu kupeleka sampuli: kipande cha aloi, yaani hiyo feromanganizi yetu, kilichochotwa kikiwa uji wa moto, kikapoa, ili maabara wapime kaboni. Redio hupeleka vyake vya kijivu, vimeparara kama visigino. Aibu! Aloi iliyosafishwa iende haijasafishwa?

Alhamisi, 7 Desemba

Nimekiosha kwa sabuni. Nimekisugua. Nimekipaka mafuta ya mashine, nikakifuta kwa kitambaa hadi nikayaona meno yangu. Mkuu wa maabara alikipokea, akakitazama sana. Heshima, bila shaka. Redio akauliza kama nimepeleka sampuli au posa. Wivu tu.

Jioni: kaboni imepanda! Aloi yote ya leo imewekwa kando, eti si iliyosafishwa tena. Mjomba kaitwa ofisini. Nasikitika kwa ajili yake. Kumbe hajui kazi.

Ijumaa, 8 Desemba

Wamechukua sampuli nyingine. Kaboni iko sawa kabisa. Ajabu!

Mkuu wa maabara akaniuliza kwa upole kile kipande nilikifanyia nini. Nikaeleza hatua kwa hatua, kwa fahari. Akavua miwani. Akasema mafuta yana kaboni, mwanangu, na sabuni nayo ina kaboni, kwa hiyo jana walipima mapambo yangu. Redio alicheka hadi helmeti ikamdondoka. Mjomba hakucheka. Alisema alikuwa karibu kunyang'anywa zamu yake kwa sababu ya kitambaa changu, na kwamba nikiona kitu kimetulia, jamani, nikiache kitulie.

Redio kahamia maabara. Ana kiti. Feni inampepea. Mimi nimekabidhiwa beleshi.

Jumamosi, 9 Desemba

Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa mafuta. Wazo lenyewe halikuwa na kasoro.

Asubuhi mjomba alinionyesha rundo la chokaa linaloingia tanurini. Akasisitiza kwamba lazima iwe kavu, kavu kabisa, kwa sababu tone la maji likikutana na chuma kilichoyeyuka... Sehemu iliyobaki sikuisikia. Nilikuwa nawaza kwamba Jumatatu mkuu wa maabara atapita kukagua sehemu yangu. Akivutiwa, huenda akabadili mawazo. Ila chokaa hiyo inatimua vumbi mno. Mama mwenye miwani atapitaje hapo?

Wenzangu walipokwenda mapumziko, nilichukua ndoo. Nikaijaza maji bombani. Nikaimwagia chokaa yote, pembe hadi pembe, bila haraka. Vumbi likatulia. Rundo likaanza kuchemka lenyewe na kutoa mvuke, nikaona kumbe halijalowa vizuri. Nikaenda kuleta ndoo ya pili.