Washindi wa Uzi wa Chiriku

Kiyoyozi hakupewa jina hilo na wazazi wake. Wazazi walimpa jina la babu yake, mzee mwaminifu kupindukia, kisha wakakaa kusubiri matokeo. Wamesubiri mpaka wamechoka. Jina la Kiyoyozi alipewa na mtaa, kwa sababu hata mtu aliyemjia anatoa moshi puani, akiongea naye kidogo tu, alipoa. Angekuuliza habari za magoti yako, angekupa pole ya jambo ambalo hata mkeo hajakupa pole, na ukija kushtuka umeshampa simu yako "apige mara moja tu", naye ameshakata kona.

Siku hiyo aliingia kwa fundi cherehani kwa shida ya kweli, jambo ambalo kwake lilikuwa geni. Suruali yake mpya ilikuwa ndefu mno, inafagia barabara. Karakana ya fundi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: meza ya kukatia, pasi, vipande vya chaki, vitambaa vya sare za shule vimerundikwa hadi dirishani. Ukutani, kwenye meza ndefu, zilikaa cherehani tatu za umeme, mpya, kila moja na sanduku lake la mbao lenye kufuli, la kuifungia usiku. Macho ya Kiyoyozi yalitua pale yakagoma kuondoka.

"Simama wima," fundi alisema, pini zimejaa mdomoni. "Mbona unapindapinda?"

Binti yake alikuwa amesimama mlango wa ndani, amekunja mikono. Huyu hakuja kushona.

"Mama, Jumamosi ya wiki ijayo natimiza miaka kumi na nane."

"Najua. Nilikuwepo."

"Ulisema nikifika kumi na nane utanipeleka jiji kubwa. Nilale hoteli. Nipande lifti."

"Nilisema hivyo ulipokuwa na miaka sita, unakataa dawa."

"Na dawa nikainywa, mama. Chungu vile vile."

Fundi aliinamia pindo la suruali, na hata Kiyoyozi, ambaye moyo wake aliuweka mbali na kazi, aliona mkono wa yule mama umesita.

"Wifi, ahadi ni deni," alisema mwanamke mnene aliyekaa kwenye kigoda akifumua mishono. Huyo ndiye shangazi wa binti, dada wa baba yake, na alikuwa na sauti ya mtu asiyehitaji kipaza sauti.

"Wifi, na wewe usinitie presha. Nikienda kuzurura jijini, sare atashona nani?"

Sasa, mtu wa kawaida angesikia hapo huzuni ya familia. Kiyoyozi alisikia nyumba tupu. Akaangaza macho kutafuta pa kuanzia, akaona mezani kibiringo cha uzi cha mbao, kina karatasi yenye picha ya ndege mdogo na maandishi: Uzi wa Chiriku. Alitabasamu, akaacha suruali, akaondoka na wazo.

Mwenzake aliitwa Nguzo, kwa sababu alikuwa mrefu, mnene, na aliongea kama nguzo zinavyoongea. Kiyoyozi alimpa mpango wote kwenye kibanda cha chai.

"Familia nzima naipeleka jijini, wikendi ya bure, zawadi ya kampuni. Wewe unakodi gari, unaingia, unapakia masanduku matatu, unatoka. Usifungue hata moja. Ukianza kuhangaika na kufuli, majirani watakuja kukusaidia kwa marungu. Pakia, peleka kwa mnunuzi, basi."

Nguzo alitafuna mandazi yake mpaka yakaisha. "Sawa," alisema.

Kesho yake Kiyoyozi akatokea kwa fundi ndani ya suti, tai shingoni, faili kwapani.

"Hongereni!" alipaza sauti mlangoni. "Jana nilijifanya mteja, lakini mimi ni mwakilishi wa Kampuni ya Uzi wa Chiriku. Tunapita kwa siri kutafuta mafundi waaminifu kwa uzi wetu. Mama, umeshinda! Wikendi ya familia jijini, kila kitu juu ya kampuni!"

Binti alimtazama mama. Mama alitazama kibiringo. Shangazi alitazama kibiringo, akamtazama Kiyoyozi, akarudi kwenye kibiringo, taratibu kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Chiriku hii hii?" aliuliza.

"Yenyewe, shangazi."

"Na makao makuu yenu yako wapi siku hizi?"

"Jijini. Ghorofa ya tisa."

"Wee!" Shangazi alijishika kifua. "Wifi, umesikia? Chiriku wametukumbuka!"

Fundi alipaliwa ghafla, akakohoa mpaka ikabidi aende ndani kunywa maji. Alikaa huko muda mrefu kidogo kwa mtu mwenye kiu ya kawaida, na binti akamfuata.

"Furaha hiyo," Kiyoyozi alimweleza shangazi kwa upole. "Sharti ni moja tu. Ushindi ni wa familia nzima. Mnaondoka wote, nyumba mnafunga."

"Nyumba ibaki tupu?"

"Tupu kabisa, shangazi. Asibaki hata paka."

"Sharti zuri," alisema shangazi. "Kampuni yenu ina akili."

Hapo Kiyoyozi alidhani kazi imekwisha. Maskini, hakujua kwamba mipango ya sherehe ikishaingia mikononi mwa shangazi, mwenye sherehe hubaki kuwa mwalikwa.

Yeye alikuwa amepanga nyumba ya wageni nyuma ya stendi, yenye choo cha kushirikiana.

"Gesti?" shangazi alishangaa. "Washindi wa Chiriku walale gesti? Hapana, mwanangu, hapo umekosea kuandika. Mtoto anataka lifti. Nipe namba ya bosi wako, niongee naye mwenyewe huko ghorofa ya tisa."

"Hakuna haja, shangazi! Hoteli ya lifti. Nilisahau tu."

Siku iliyofuata ikawa keki. "Ya ngazi tatu. Iandikwe Chiriku kwa sukari, watu wajue nani amefadhili." Baadaye ikawa sinema. Baadaye ikawa mpiga picha, maana kumi na nane haiji mara mbili. Kila Kiyoyozi alipokunja uso, shangazi alinyoosha mkono kuomba ile namba.

Akauza televisheni yake. Akauza saa. Akauza hata redio ya Nguzo, kwa mkopo wa maneno.

"Kaka," Nguzo aliuliza, na ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote mwezi huo, "sisi hapa tunaiba au tunaoa?"

"Ng'ombe hanenepi bila majani, Nguzo. Tunalisha tu."

Jumamosi ikafika. Asubuhi fundi aligeuza funguo mlangoni, akarudi kusukuma mlango, akasukuma tena. Kiyoyozi alimwambia asiogope, safari za kwanza ndivyo zilivyo. Halafu akaonyeshwa mizigo: mabegi matatu ya magurudumu, na magurudumu yenyewe yalikwishakufa siku nyingi.

"Mwakilishi atatusaidia," alisema shangazi.

Kiyoyozi akainua begi la kwanza, mgongo ukamjibu. "Shangazi! Mna nguo humu, au mna mawe?"

"Hujaoa wewe. Nguo za mwanamke zina uzito wake. Na taratibu, usiligonge."

Akayabeba hadi kwenye basi. Akayashusha. Akayabeba toka stendi ya jiji mpaka hotelini, tai imehamia mgongoni. Pale mlangoni kijana wa mapokezi alikuja mbio kuyapokea, na Kiyoyozi karibu ambusu, lakini shangazi akaingia katikati.

"Asante, baba, usihangaike. Haya hayabebwi na mtu mwingine. Ni heshima ya kampuni."

Ila ile lifti, jamani. Binti aliingia kwa kunyata, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Alibonyeza, milango ikajifunga, sakafu ikainuka, naye akapiga kelele iliyosikika ghorofa zote. Walipofika juu akakataa kutoka. Wakashuka. Wakapanda. Baada ya mara kadhaa fundi mwenyewe, aliyekuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, aliachia mkono mmoja, akamshika binti yake, na machozi yakamtoka.

"Miaka yote hii nimekuwa nikikukwepa," alisema. "Kumbe kitu chenyewe ni hiki tu."

"Si hiki tu, mama. Bonyeza wewe sasa."

Kiyoyozi alikuwa amesimama nao, mabegi miguuni. Akajikuta anatabasamu, na si lile tabasamu la kazini. Alilifuta haraka.

Jioni walikata keki kwenye ukumbi wa chini. Mpiga picha alikuwa hachoki. "Mwakilishi aingie!" shangazi aliamuru kila mara. "Mwakilishi akilishwa keki! Mwakilishi peke yake! Inua kidevu, mwanangu, sura ionekane. Sasa upande. Upande mwingine." Kiyoyozi, ambaye tangu utoto alikimbia kamera kwa sababu za kitaaluma, angekataaje? Simu ikaita. Akajitenga pembeni.

"Nimepakia," alisema Nguzo. "Matatu. Mazito."

"Kufuli?"

"Sijagusa."

"Baba lao wewe! Kesho mpelekee mnunuzi." Akakata simu, akarudi ukumbini anacheza, mabega yakipanda na kushuka, na binti akadhani anamchezea yeye, akampigia makofi. Fundi alimtazama akicheza, akaweka kipande cha keki chini bila kukimaliza. Usiku huo alilala na mabegi yote matatu kitandani kwake, yeye pembeni.

Jumapili mchana basi liliwarudisha. Kiyoyozi alishusha mabegi kwa mara ya mwisho, akanyoosha kiuno, akajiandaa kutoa hotuba fupi ya kuagana. Simu ikaita.

"Kaka," Nguzo alisema. "Ni matofali."

"Nini ni matofali?"

"Masanduku. Mnunuzi amefungua moja, matofali. La pili, matofali na vigae. La tatu lina nusu ya sinki. Amenifukuza kwa nyundo. Na mwenye gari anataka gari lake."

Kiyoyozi aliishusha simu kutoka sikioni polepole. Mbele yake shangazi alikuwa amepiga magoti, anafungua zipu ya begi. Akasogeza gauni la kulalia, akasogeza taulo, na cherehani ya kwanza ikamkonyeza Kiyoyozi kwenye jua.

"Haijapata hata mkwaruzo," shangazi alimwambia wifi yake. "Nilikuambia. Kitu salama kabisa ni kile kilichobebwa na mwizi asiyejua amebeba nini."

Kiyoyozi alifungua mdomo. Ule mdomo uliopoza mtaa mzima ulibaki wazi, haukutoa hata upepo.

Binti ndiye aliyemsogelea. Akaingiza mkono kwenye pochi, akatoa kile kibiringo cha mbao, akakiweka kiganjani mwake.

"Anko, mama hununua uzi wa bunda, wa bei nafuu, anauzungushia kwenye vibiringo vya zamani. Hiki alirithi kwa bibi. Kiwanda cha Chiriku kilifungwa kabla mimi sijazaliwa."

"Mlijua," Kiyoyozi alinong'ona. "Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu ghorofa ya tisa," alisema shangazi.

"Mbona hamkuniitia polisi?"

Fundi alimjibu mwenyewe. Alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. "Mimi nilitaka. Hizi cherehani ndizo zinatulisha. Lakini mtoto alikuwa hajapanda lifti."

"Na yale matofali yalikuwa ya choo tulichobomoa," shangazi akaongeza. "Tumetafuta mtu wa kuyazoa mpaka tumechoka. Mshukuru sana mwenzako. Picha zako zikitoka nitazibandika mlangoni pa karakana, na sokoni, na hapa stendi. Zimetoka vizuri, pande zote. Mjinga akierevuka, mwanangu, mwerevu yuko mashakani. Haya, nenda kabla sijabadili mawazo."

Kiyoyozi alikwishageuka, fundi akamwita. Akatoa kwenye mkoba kifurushi cha gazeti.

"Suruali yako. Nimeikata."

"Sina cha kulipa, mama."

"Zawadi ya kampuni."

Akaanza kwenda. Nyuma yake binti alipaza sauti, "Anko! Asante, ee! Kweli!" Na ajabu ya dunia, hilo ndilo lililomchoma kuliko mgongo, kwa sababu alijua mtoto hakuwa anatania.

Nguzo alimkuta jioni amekaa nyuma ya kibanda cha chai, jicho la Nguzo limevimba kidogo, maana yule mnunuzi hakuwa na mzaha. Kiyoyozi alikuwa amevaa suruali mpya.

"Basi tumepata nini?" Nguzo aliuliza.

"Suruali."

Nguzo aliinama, akakagua pindo, akalivuta kidogo kwa vidole, akalinganisha mguu huu na ule. "Yule mama," alisema, "ni fundi."

"Usiniambie mimi," alisema Kiyoyozi, akanyoosha miguu aitazame vizuri.