Habari ya Diski Kongwe ya Kilangali na Jinsi Ilivyong'olewa

Sogezeni vigoda, enyi wana wa Kilosa, watu wa mpunga na watu wa reli. Nanyi mnaopita Mikumi na malori marefu kuelekea Iringa, zimeni injini mtege masikio. Laza jembe, ewe mlimaji. Epua chungu, ewe mpishi. Kwa kuwa nasimulia habari ya chuma na ujasiri, ya safari na kurejea, ya skrubu nne na jasho la mtu mmoja. Wengine wamesimulia wafalme waliovuka mito kwa majeshi. Mimi nasimulia jinsi diski ya kompyuta ilivyotolewa na nyingine kuwekwa mahali pake.

Na mkiuliza shujaa ni nani, nawaomba radhi mapema: shujaa ni mimi mwenyewe, Tumwagile binti Ulimboka, mjukuu wa mpiga nyundo wa reli, mwenye stashahada ya kilimo, mwoga wa mbwa, mwoga wa simu inayoita, mwenye kusalimia viatu vya watu kwa sababu nyuso zao humtisha. Ningependa habari hii isimuliwe na mwingine, lakini katibu wa kikundi ni mimi, na hakuna aliyejitolea.

Zama hizo zilikuwa zama za soko huria, ambapo masufuria, viatu vya mtumba, dawa ya mende na viungo vya ndani vya kompyuta vililala pamoja juu ya turubai moja kando ya barabara kuu, bila kuulizana vimetoka nchi gani. Na katika zama hizo palikuwa na jeshi huko Kilangali, jeshi la wanawake ishirini na mmoja na mwanamume mmoja, lililojiita Kikundi cha Mbegu Tusichoke. Silaha zao zilikuwa majembe na nyungo. Adui yao alikuwa mpunga mwekundu, msaliti yule aotaye katikati ya mpunga mwema akijifanya ndugu. Jeshi hili halikulima mpunga wa kula. Lililima mbegu, na mbegu, wasikilizaji wangu, haiwi mbegu kwa kusema tu. Sharti mkaguzi wa mbegu aoneshwe kila shamba lilipandwa lini, na mpunga mwekundu uling'olewa lini na nani. Zikikosekana kumbukumbu hizo, magunia yote ya msimu huitwa chakula, na miezi ya kuinama matopeni huishia chunguni.

Daftari letu la karatasi lilikuwa limeliwa na mchwa, maharamia wasiojua kusoma. Kumbukumbu zote zilibaki mahali pamoja: ndani ya kompyuta mpakato ya kikundi, iliyoachwa na mradi fulani uliofunga ofisi na kuondoka. Ilikuwa mashine ya umri mkubwa na tabia ngumu. Jumatano, siku mbili kabla ya mkaguzi kufika, niliiwasha. Diski yake ikatoa mlio, ka, ka, ka, kama mzee anayetafuna karanga kwa jino moja. Ikaamka baada ya muda wa kutosha kupika ugali na kuula, ikafungua ukurasa mmoja, ikazima.

Nilikwenda mbio kwa mwenyekiti wetu, Bibi Marciana, ngome ya Kilangali, mwanamke ambaye hata fahali wa wafugaji humpisha njiani. Nikazieleza ndala zake yaliyotokea.

"Moyo wa mashine umezeeka," alisema Bibi Marciana. "Nenda Mikumi, mjukuu wangu, ukatafute moyo mwingine. Lakini mtu asiifungue huko. Itafunguliwa hapa, mbele ya wenye funguo."

Waliowahi kuwa katika kikundi cha kuweka na kukopa wanaijua sheria hiyo. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, funguo zake zinashikwa na watu watatu, na haliguswi akikosekana hata mmoja wao. Siku kompyuta ilipoletwa, Bibi Marciana aliiingiza chini ya sheria ileile, kwa hoja kwamba chombo chochote chenye mambo ya watu ndani yake ni sanduku. Hakuna aliyempinga. Mimi nilikuwa na stashahada, nami sikumpinga.

Basi Alhamisi alfajiri nilipanda pikipiki, kompyuta nikiwa nimeifunga kifuani kwa kanga kama mtoto mwenye homa, nikavuka mabonde na makorongo hadi Mikumi, mji wa malori, nyumba za wageni na nyama choma. Hapo nilimkuta Ditram, mganga wa simu zilizotumbukia majini, mtawala wa meza moja chini ya mwavuli mmoja. Nikamweleza shida yangu kwa sauti ambayo lori lolote lingeweza kuimeza, na malori matatu yaliimeza.

"Dada, unaongea na mimi au na hivi viatu?" aliuliza Ditram. "Kama ni viatu, si vyangu, nimeazima."

Nikarudia. Akavuta droo, na ndani ya droo akatoa kisanduku chembamba cheusi, chepesi kama biskuti.

"Hii hapa. Ndani hakuna kitu kinachozunguka, kwa hiyo hakuna cha kuchoka. Ukibonyeza tu, imeamka."

"Jina la kampuni yake silijui," nilisema.

"Hata waliotengeneza kompyuta yako hawalijui. Kwani wewe unamjua aliyeifuma hiyo kanga? Lakini imekustiri. Lete nifungue, dakika kumi nimemaliza."

"Haifunguliwi."

"Kwa nini?"

"Wenye funguo hawapo. Wako watatu."

Ditram aliigeuza kompyuta juu chini, akaikagua pande zote nne akitafuta matundu ya funguo, kisha akaguna kwa huruma ambayo sijaisahau. Lakini alikuwa fundi, na fundi hashindwi na sheria za watu. Aliiunganisha diski mpya kwa waya kutoka nje, akaiamuru ile kongwe imimine kila ilichonacho ndani ya changa.

Hivyo vikaanza vita vya Mikumi. Kongwe ilimimina kwa uchungu, tone baada ya tone. Jua lilipanda. Ilipofika robo tatu ya kazi, ka, ka, ka ikarudi, na mashine ikawa ya moto kama chapati. Ditram akakata boksi la betri vipande viwili, akanipa kimoja, nasi tukasimama pande mbili tukaipepea, huku madereva wakipunguza mwendo kuangalia maiti ni ya nani. Alasiri kazi ikaisha. Kompyuta ikatangaza kwamba vyote vimehama isipokuwa mafaili mawili.

"Yapi?" niliuliza, na kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni.

"Haijasema. Utayajua utakapoyatafuta." Akanikabidhi bisibisi ndogo. "Sasa sikia vizuri. Diski inashikwa na skrubu nne, ndogo kama punje za ulezi. Moja ikidondokea ndani, halafu ukapeleka umeme, umeunguza vyote, vya zamani na vipya. Usiwashe mpaka umeziona zote nne."

Nikaapa. Usiku ule sikulala, ila huo ni unyonge wangu wa kawaida na hauhitaji kuingia katika historia.

Ijumaa ikapambazuka. Katika ghala la kikundi tulikuwa watatu. Nilikuwapo mimi, na bisibisi yangu. Alikuwapo Bibi Marciana, mwenye ufunguo wa kwanza. Na juu ya mkeka alikaa mwenye ufunguo wa pili, Mama Kulwa, ambaye ukoo wake ulikuja na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, mwanamke wa macho yasiyodanganyika, aonaye punje moja nyekundu ndani ya ungo kama wewe uonavyo mbuzi ndani ya kanisa. Alikuwa anamalizia kusafisha sampuli ya mbegu, ile ambayo mkaguzi angeimimina mezani na kuitazama punje kwa punje. Mkaguzi mwenyewe alikuwa amepiga simu: ameshatoka Kilosa.

Mwenye ufunguo wa tatu, Mzee Lupakisyo, mwanamume pekee wa jeshi letu, hakuwa amefika.

"Toa kifuniko," aliamua Bibi Marciana. "Kifuniko ni shati. Legeza na skrubu, skrubu ni vifungo. Ila moyo usiuguse mpaka mzee aje."

Nikavua shati la mashine. Nikalegeza vifungo, kimoja, viwili, vitatu, vinne, nikavikusanya katika kiganja cha kulia. Na wakati huohuo, mlangoni, ikasikika sauti nzito.

"Hodi humu."

Enyi mliolelewa vizuri, nihurumieni. Mkono wangu haukuniuliza. Miguu yangu haikuniuliza. Nilijikuta nimepiga goti, mikono yote miwili mbele, nikisema "Shikamoo, babu," kama nilivyofundishwa tangu sijaota meno. Skrubu tatu zilibanwa kati ya kiganja changu na kiganja cha Mzee Lupakisyo. Ya nne iliruka. Niliiona ikimeta mara moja hewani, kati ya kompyuta iliyo wazi na ungo wa Mama Kulwa, kisha sikuiona tena.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Mzee Lupakisyo, bila kuuachia mkono wangu. "Hujambo? Na baba yako Ulimboka, lile goti lake? Nilimwambia apake mafuta ya nyonyo, akanicheka. Na mama? Na huko Mikumi, mvua zinasemaje? Maana mwaka ule nilipokuwa kibarua wa mkonge, mvua za Mikumi zilikuwa zinaanza hivi..."

Na akaanza kueleza jinsi zilivyokuwa zinaanza.

Sasa tazameni uwanja wa mapambano. Kushoto kwangu Mama Kulwa alimaliza kupepeta, akafungua mdomo wa mfuko wa sampuli, akainua ungo amimine. Kama skrubu ilikuwa humo, mkaguzi angekuta chuma ndani ya mbegu yetu. Kulia kwangu Bibi Marciana, kwa nia njema tupu, alikuwa ameushika waya wa umeme wa jua na analitafuta tundu lake ubavuni mwa mashine. Kama skrubu ilikuwa humo, msimu mzima ungeondoka na moshi. Na katikati nilikuwa mimi, nimepiga goti, nimeshikwa mkono, mbele ya mzee aliyekuwa bado yuko kwenye mawingu ya kwanza ya mwaka ule. Maneno ya mzee hayakatizwi. Sijawahi kuona mtu akiyakatiza. Mama yangu aliwahi kuacha wali uungue kwa sababu mgeni wake alikuwa hajamaliza kusalimia.

"Babu," nilisema. Hakuna aliyesikia, hata mimi.

Ungo ukainama. Waya ukalipata tundu.

Nilikusudia kusema "naomba radhi." Naapa nilikusudia. Kilichotoka, kwa sauti ambayo sikujua kwamba naimiliki, ni hiki:

"Babu, nyamaza. Mama Kulwa, usimimine. Bibi, usichomeke."

Kuku nje waliacha kuparua. Mzee Lupakisyo alibaki na mdomo wazi na mkono wangu mkononi.

"Kuna nini?" aliuliza Mama Kulwa, ungo ukiwa hewani.

"Skrubu. Ndogo kama punje ya ulezi. Imeruka, sijui iko kwenu au iko humu."

Mama Kulwa akaushusha ungo. Akautikisa mara moja, kwa mkono mmoja, mbegu zikajipanga kama askari. Hakuinama wala hakutafuta. Alipeleka vidole viwili mahali pamoja, akainua.

"Hii?" alisema. "Hii hata si nyekundu."

Mzee akauachia mkono wangu, nikahesabu nne. Nikahesabu tena. Nikaangusha machozi mawili, nayo nikayahesabu yasije yakaangukia ndani ya mashine.

"Mjukuu wangu," alisema Mzee Lupakisyo taratibu, "naruhusiwa sasa?"

"Ndiyo, babu. Nisamehe, babu."

"Nilitaka kuuliza tu. Hicho kipya mnachoingiza, ni cha ukoo gani?"

"Hakina ukoo," alijibu Bibi Marciana. "Kimetoka barabarani Mikumi."

Mzee akawaza. "Babu yangu mimi alishushwa hapa na treni, akiwa na shoka na blanketi tu. Hakuna aliyemuuliza zaidi ya kama anaweza kazi. Kiingizeni."

Basi, mbele ya wenye funguo watatu, nilimng'oa mkongwe, nikamsimika mgeni, nikakaza skrubu moja hadi nne, nikarudisha kifuniko, na Bibi Marciana akachomeka waya kwa heshima. Nikabonyeza. Mashine ikaamka papo hapo, mpaka Mama Kulwa akarudi nyuma. Mashamba yote kumi na manne yalikuwapo, tarehe kwa tarehe, jina kwa jina. Mafaili mawili yaliyopotea yalikuwa picha ya keki, na barua yangu ya kuomba kazi Dodoma niliyoiandika mara tisa bila kuituma.

Pikipiki ikasikika nje. Mkaguzi, Bwana Mathayo, aliingia na vumbi lake, akamimina sampuli mezani, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Shamba namba tisa. Mpunga mwekundu uling'olewa lini?"

Nikafungua. Nikamjibu, siku na mwezi na majina ya waliong'oa. Akauliza la kumi na mbili, nikamjibu. Akachukua kalamu.

"Ni mbegu," alisema, akasaini, akaomba maji ya kunywa.

Alipoondoka wanachama wote waliitwa, vigelegele vikapigwa, na Bibi Marciana akaniambia niandike muhtasari wa kikao. Niliandika ufunguzi, mahudhurio, taarifa ya mkaguzi.

"Ongeza," alisema Mzee Lupakisyo. "Andika kwamba leo, saa nne na robo asubuhi, katibu alimwambia mwenye ufunguo wa tatu anyamaze, naye akanyamaza."

"Babu, hilo si la kuandikwa."

"Ni mara ya pili leo unanikataza. Mwenyekiti, hilo nalo liandikwe?"

"La kwanza linatosha," alisema Bibi Marciana. "Wanaounga mkono?"

Mikono ikainuka yote, wa Mama Kulwa mbele. Nami, kwa uso uliokuwa unawaka, nikaandika neno kwa neno kama nilivyoamriwa, nikabonyeza kuhifadhi, na diski ile kwa wepesi wake ikawa imelihifadhi kabla sijapata nafasi ya kujutia. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika historia ya Kilangali, enyi wasikilizaji: kifungu cha nne, baada ya taarifa ya mkaguzi na kabla ya mengineyo.