Tunaomba Majina ya Kuchekana Yarudishwe Darasani

Butembo, commune ya Mususa

Kwa Madame Marie-Jeanne, Directrice wa shule yetu ya msingi

Kuhusu: kufukuzwa kwa binti yangu Bénite

Madame la Directrice mheshimiwa,

Ninakusalimia katika jina la Bwana, na ninatumaini baridi ya asubuhi hizi haijakushika kifua. Mimi ni Ésaïe Maliro, baba wa Bénite wa mwaka wa sita, mzee wa kanisa, na muuza misumari na mabati ambaye shule inamkumbuka kila upepo unapobeba paa la choo. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kifaransa changu ni cha kuandikia wateja facture tu, na hasira niliyo nayo haiingii kwenye facture.

Jambo lenyewe unalijua. Jumatatu, kwenye drapeau, bendera ikipandishwa, mbele ya shule nzima, ulisema neno harcèlement. Mimi nilikuwa sijalisikia tangu nizaliwe. Bénite alipofika nyumbani akanieleza kwamba maana yake ni kuchekana. Kuchekana, Madame! Basi umekataza majina yote ya kuchekana, tena umemfukuza binti yangu mpaka siku mimi na yeye tutakapopanda kule juu, kwenye nyumba za wakimbizi waliokimbia vita upande wa Beni, tumwombe msamaha yule msichana anayeitwa Bâche na kumrudisha darasani. Na mtihani wa serikali wa kumaliza msingi ndio huo unakuja. Donc nimekaa chini, nimekunywa chai, nimepanga malalamiko yangu kwa namba, usije ukasema Papa Maliro amekuja kupiga kelele. Mimi hapana mtu wa fujo.

1. Kuhusu majina kwa jumla. Wewe ni Munande kama mimi, sitakufundisha. Kwetu mtoto anakuja na jina lake kufuatana na alivyozaliwa: msichana wa kwanza ni Masika, mvulana wa pili ni Kambale, na hakuna wa kubishana. Nyumbani ni jambo zuri sana. Mais darasani? Mwalimu akiita Kambale, benchi nzima inasimama. Utaniambia wana majina ya ubatizo. Wapi! Mwaka ule waliozaliwa, kila mzazi wa Butembo alikuwa anapenda Shalom. Ndiyo maana batoto wenyewe, kwa akili waliyopewa na Mungu, walitengeneza Kambale Radio, Kambale Kiazi, na Kambale Tshukudu, yule ambaye mguu wake mbaya unamfanya ayumbe kama tshukudu, ile baiskeli ya mbao, yenye mzigo wa kabichi. Kila mtu alijulikana. Tangu ukataze, Kambale Radio alipiga kelele na Kambale Kiazi ndiye aliyepigishwa magoti. Huo ndio uonevu, Madame, na umetoka katika bureau yako.

2. Kuhusu jina la Bâche. Msichana huyo alifika kwenu katikati ya mvua, amevaa bâche, lile turubai la msaada, limekatwa tundu la kupitisha kichwa. Daftari zake pia alikuwa amezifunika kwa bâche hiyo hiyo. Batoto waliona bâche, wakasema bâche. Ulitaka waseme nini? Parachichi? Sisi wazazi tunawafundisha kusema ukweli, ninyi mnawafukuza kwa kuusema.

3. Kuhusu wimbo. Hapa ndipo moyo wangu unauma hasa. Ni kweli Bénite ndiye aliyetunga ule wimbo wa Bâche ambao darasa lilikuwa likiimba kila msichana huyo alipoingia mlangoni. Mais je, kuna mtu katika shule yenu aliyeusikiliza vizuri? Wimbo una sauti ya kwanza na sauti ya pili, wavulana wa nyuma wanajaribu bass, na mwishoni wote wananyamaza kwa pamoja ili msichana atembee hadi benchi lake katika kimya. Kile kimya, Madame! Kwaya yetu ya watu wazima imeshindwa kunyamaza kwa pamoja tangu nikiwa kijana. Mtoto mwenye kipaji hiki, badala ya kupelekwa mbele ya wageni siku ya kutangaza matokeo, anabeba bidon za maji kutoka chemchemi kama mtu asiyesoma. Na usiniambie kwamba Bâche alikuwa akilia. Maître wake mwenyewe, anayemfundisha, alisema ni mafua.

4. Hapa nilikuwa nimeandika jambo zito kuhusu wakimbizi, mais mama Bénite alipolisoma aliniuliza swali moja ambalo halina uhusiano wowote na barua hii. Nimelifuta jambo, swali sijalijibu, na namba ninaiacha hivyo.

5. Kuhusu maisha. Batoto hawa watakua. Watasimamishwa na askari kwenye barrière, watasubirishwa kwenye bureau, watachekwa sokoni Kirumba kwa sababu ya lafudhi yao na viatu vyao. Mtoto ambaye hajachekwa darasani ataanguka kizunguzungu siku ya kwanza. Kwa hiyo ninapendekeza kuchekana kuwe somo, kuwe na saa yake baada ya hesabu za Calcul, na points ziandikwe kwenye bulletin ya matokeo: upande mmoja anayecheka, upande mwingine anayechekwa, ili hata Bâche apate kitu cha kuonyesha kwao. Mimi mwenyewe ni mfano. Mji wote unaniita Papa Misumari, na sijafa. Nimelipaka jina hilo kwenye ukuta wa duka kwa rangi nyekundu. Ni kweli watu wa kwaya walikuwa wamenipa lingine, linalohusu masikio yangu, mais lile lilikuwa la kukosa adabu. Nililipeleka kwa wazee wa kanisa na likakoma Jumapili iliyofuata. Sikulala vizuri mpaka likakoma.

6. Kuhusu kuondoka kwa Bâche. Kila mtu anamhurumia. Haya, mimi ninauliza: aliaga? Hakuaga. Siku moja alikuja, wakaimba, akageuka palepale mlangoni, akarudi mvuani, na hajaonekana tena. Mwanafunzi anatoroka shule bila ruhusa, na anayefukuzwa ni yule aliyebaki amekaa kwenye benchi lake! Tena ameacha darasa katika hali mbaya sana. Batoto walikuwa wamezoea kuimba asubuhi. Wanakosa wa kumwimbia, wameanza kutazamana wenyewe kwa wenyewe, na Précieux, jirani wa Bénite kwenye benchi, tayari anaficha meno yake akicheka. Ninaomba basi, kwa heshima zote, mambo haya matatu. Bâche aadhibiwe kwa utoro. Akikataa kurudi, shule itafute mwingine wa kuchekwa, ikiwezekana naye awe mgeni, asiwe na kaka wakubwa. Na kama mgeni hapatikani, iwekwe zamu kama ile ya kufagia, kila mtoto achekwe juma lake, haki sawa kwa wote. Bénite hatakuwa kwenye zamu hiyo, kwa kuwa yeye ndiye mtunzi.

Ukiyakubali hayo, binti yangu arudi darasani kesho, na mimi sitakuwa na haja ya kupanda kule juu. Nielewe, Madame. Mtu mzima, mzee wa kanisa, nivae koti, nikapige hodi kwenye nyumba isiyo na mlango, niombe msamaha kwa mtoto? Watu wa Mususa wakiniona wataniita nini?

Nisalimie maître wa mwaka wa sita, mwambie apone ile sauti iliyokauka. Nisalimie sentinelle anayelinda shule, mama anayeuza maandazi getini, na Kambale wote, hasa yule aliyepiga magoti bure. Mume wako pia, mwambie mabati yake yamefika.

Ni mimi, kwa utii na uchungu,

Ésaïe Maliro (Papa Misumari)

N.B. Madame, barua hii ililala kwenye duka kwa sababu sikuwa na enveloppe. Leo imebidi niongeze maneno haya.

Bénite amerudi kutoka chemchemi na bidon tupu. Batoto wa pale wameshika ule wimbo. Sauti ya kwanza, sauti ya pili, yote sawasawa kama alivyotunga, ila mahali pa Bâche wameweka Renvoyée, yaani aliyefukuzwa. Wamemwimbia tangu njia panda hadi kwenye maji, halafu wakanyamaza wote pamoja ili achote. Hakuchota. Amejifunika blanketi mpaka kichwani na anasema hata ukimfungulia shule hatakwenda. Nilimwambia ni kuchekana tu. Alinitazama, Madame. Sitaki tena kutazamwa vile na mtoto wangu.

Basi nilivaa koti nikapanda kule juu. Mvua ilikuwa imeanza. Nikaulizia kwa Bâche. Mama mmoja aliyekuwa akimenya mihogo akanionyesha kwa kisu: nyumba hii, na hii, na hii, zote zina bâche. Nikasema hapana, ninamtafuta mtoto, msichana wa shule, anaitwa Bâche. Akaacha kumenya. Akaingia ndani, na batoto wote waliokuwa pale wakamfuata. Nilibaki nimesimama na mvua inanipiga kwenye masikio yangu haya.

Nilirudi nikamuuliza Bénite jina la kweli la mwenzake. Akalia, hajui. Précieux hajui. Nimepitia barua yangu yote, kutoka juu hadi chini, na humu ndani pia hakuna. Na swali lile la mama Bénite, lile nililolikwepa kwenye namba ya nne, lilikuwa hilohilo: huyu mtoto, kwao anaitwa nani?

Nimejaribu kukisia kwa desturi yetu. Nimeshindwa. Sijui yeye ni msichana wa ngapi kwao, wala sijui kama waliomtangulia wote walifika Butembo.

Nina haya kubwa. Namba zote zifute, ya nne tu ibaki. Bénite ameamka, anatafuta viatu, anasema tutakwenda wawili. Mtume sentinelle aje mbio na jina lake kwenye kipande cha karatasi, Madame, ili safari hii nikifika pale nimuite.