Brashi ya Nywele Halisi

Leo nimeaibika hadi masikio yanawaka. Nawaandikia nyinyi niliolala nanyi bweni moja ili mjue kutoka kwangu, kabla watu wa Kaloleni hawajaifikisha habari hii huko kwenu Mamboleo. Na nina hasira. Nimemkasirikia muuza duka, nimemkasirikia Mzee, lakini zaidi nimeukasirikia mdomo wangu mwenyewe.

Mnajua leo Jumapili nilitakiwa kwenda kwa kina Awuor, mchumba wangu, kuomba siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari. Baba yake, huyo Mzee, ni karani mstaafu na mzee wa kanisa, mtu wa kunyoa ndevu kila siku ya Mungu. Kanisa lao husali Jumamosi, na nguruwe kwao hata kumtaja ni shida. (Nilijua. Ndiyo maana hasira haziishi.) Awuor alikuwa amenidokezea kwamba brashi ya kunyolea ya babake imezeeka, inamwachia nywele mashavuni. Nikaona hapo ndipo pa kuingilia.

Basi jana nikaingia duka la Njoroge karibu na soko. Brashi zilikuwa tatu. Ya nailoni ilikuwa rahisi, lakini ilikwaruza kama ufagio wa uani. Ya pili ilikuwa ya mnyama fulani wa Ulaya ambaye Njoroge mwenyewe hamjui, na nilipoambiwa bei niliirudisha kwa mikono miwili. Ya tatu ilikuwa nzito, imefungwa vizuri kwenye mpini wa mbao, na mfuko wangu uliimudu. Njoroge akanifundisha kuivuta nione kama inanyonyoka. Akanifundisha pia kuchoma unywele mmoja. Ukiyeyuka ni plastiki, ukinuka nyama ni wa mnyama.

"Nguruwe orijino hiyo, boss," akasema. "Na umwambie mzee, ndio ajue umemheshimu."

Nikamwamini. Mimi, mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu!

Leo nikapokewa vizuri. Mzee akaigeuza brashi mkononi, akasema kitu hujulikana kwa kazi, si kwa macho. Ile yake ya zamani ilikuwa imenyonyoka yote asubuhi, hivyo akatoka nayo uani kwenye kioo kilichotundikwa ukutani. Mimi nikabeba karai la maji. Mama yake Awuor na shangazi wawili walikuwa wameketi mlangoni pa jikoni, wakichambua mboga na kunipima.

Mzee hunyoa shavu moja kwanza, ndipo ahamie la pili. Akapaka la kulia. Povu likajaa, jeupe, zito. Wembe ukapita bila kelele. Akajipapasa, akatabasamu, na Awuor kule dirishani akanionyesha kidole gumba.

"Hii brashi ni mzuri, kijana," Mzee akasema. "Lakini siku hizi kila kitu ni plastiki tu."

Ningenyamaza. Ningesema "ndiyo Baba" na sasa hivi ningekuwa natafuta ng'ombe. Lakini niitwe mtu wa plastiki mbele ya shangazi wa watu? Damu ikanichemka. Nikaomba kiberiti jikoni, nikang'oa unywele mmoja, nikauchoma palepale chini ya pua ya Mzee.

"Inanuka nyama," akakiri.

"Si nimesema, Baba. Ni ya mnyama."

"Mnyama gani?"

Hapo, ndugu zangu, mbuzi alikuwepo. Farasi alikuwepo, ngamia alikuwepo, hata punda. Wanyama wote wa safina walikuwa wamepanga foleni wakingoja nimtaje mmoja wao.

"Nguruwe, Baba. Halisi."

Mzee akashusha wembe polepole.

"Anguro?" akauliza kwa Kijaluo, ili pasiwe na makosa.

"Ndiyo Baba. Hakuna bora kuizidi." (Bado nilikuwa sijaelewa! Nilikuwa nangoja pongezi!)

Shangazi mmoja akaangusha ungo. Mama akachukua karai, akaenda kumwaga maji nje ya ua, kisha akalitupa na karai lenyewe. Mzee akajisugua shavu kwa sabuni ya kufulia mara nne. Tukala samaki, yeye shavu moja likimeta, la pili limejaa mvi za jana. Nikajaribu kueleza kwamba brashi hailiwi. Shangazi akanijibu kwamba uso nao hauliwi, lakini haupakwi choo. Nikameza ugali na hasira pamoja.

Ng'ombe hawakutajwa. Awuor akanisindikiza hadi barabarani, nikitegemea faraja kutoka kwake. Alicheka mpaka akakaa chini, na lile gauni lake zuri. Hilo limeniuma kuliko yote.

Alipopata pumzi akaniambia uamuzi wa babake. Shavu lililoguswa halitanyolewa hadi ndevu zake zimee, zisitofautike na za upande wa pili. Siku hiyo atanyoa upya, povu akilipaka kwa mkono mtupu bila brashi, na ndipo nitakaporuhusiwa kurudi kuzungumza habari ya ng'ombe.

"Huota haraka?" nikauliza.

"Ndevu za Baba? Polepole sana."

Kwa hiyo hapa Nyalenda nilipo, mimi mwalimu wa miaka thelathini na moja, nimepiga magoti naombea ndevu za mtu mwingine zimee. Kama mna imani, ombeni nami. Kama hamna, angalau msicheke.